Lugha Haifi Kifo cha Mungu

Kuna kauli inayonichoma kila niisikiapo vinywani mwa watu wanaojiita wapenzi wa lugha: kwamba lugha ndogo hufa zenyewe, kama mzee aliyekula chumvi nyingi, na kuzililia ni kushindana na wakati. Nimeisikia hata kwa washairi ambao vina vyao havina dosari. Nasema waziwazi: kauli hii ni uongo, tena uongo unaomstiri muuaji.

Anayedhani nakuza mambo na aitazame Kanada. Kuanzia mwaka 1883 serikali ya nchi ile iligharimia shule za bweni, nyingi zikiendeshwa na makanisa, kwa ajili ya watoto wa wenyeji wa asili. Zaidi ya watoto 150,000 walipitia humo, na shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Falsafa yake ilikuwa fupi: nyumbani ndiko kwenye maradhi, basi mtoto atengwe na nyumbani. Alinyolewa nywele, akavuliwa nguo alizoshonewa na mama yake, akapewa sare na namba, na wengi waliitwa kwa namba hizo badala ya majina. Kaka alitenganishwa na dada hata walipolala chini ya paa moja. Aliyetamka neno la kwao aliadhibiwa, mara nyingi kwa fimbo. Je, hicho ndicho kifo cha uzee?

Nije sasa kwa mshairi, maana huyo ndiye aliyenishikisha kalamu. Duncan Campbell Scott alihesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa wa Kanada wa zama zake. Alitunga mashairi ya majonzi juu ya wenyeji wale, akiwaimba kama watu wanaotoweka. Na huyo huyo, tangu 1913 hadi 1932, ndiye aliyekuwa mtendaji mkuu wa idara iliyowatawala. Mwaka 1920 sheria ilirekebishwa ili watoto wa miaka 7 hadi 15 walazimishwe kwenda shule, naye akaieleza kamati ya Bunge kwamba kusudi ni kuendelea mpaka asibaki mwenyeji hata mmoja ambaye hajamezwa na taifa la Kanada. Mchana alitia sahihi, usiku aliomboleza kwa mizani. Ndiyo maana nawashuku washairi wanaowahi kuandika tanzia ya lugha ambayo bado inapumua.

Wala hakukosa wa kumwonya. Mwaka 1907 daktari wa idara hiyo, Peter Bryce, aliripoti juu ya shule za magharibi: kati ya wanafunzi ambao habari zao zilipatikana, wapata robo walikuwa wamekwisha kufa, kifua kikuu kikiwa msiba mkubwa. Ripoti ikawekwa kando. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyotoa taarifa yake ya mwisho mwaka 2015, ilihesabu vifo vipatavyo 3,200. Karibu theluthi ya marehemu hao, hakuna aliyejali kuandika majina yao. Mwaka 1966 mvulana wa miaka 12, Chanie Wenjack, alitoroka shule ya Kenora akifuata reli kurudi kwao, mamia ya kilomita. Maiti yake ilikutwa kando ya reli.

Lakini tusiishie makaburini. Aliyesalimika alirudi kijijini akasimama mbele ya bibi yake, wakatazamana wasielewane. Alipokuja kupata watoto wake, hakuwasemesha lugha ya kwao, kwa huruma tu, wasije wakachapwa kama yeye. Hivyo fimbo ikamfikia mtoto ambaye haikuwahi kumgusa. Tena wengi walikuwa wamelelewa na kengele na mabweni. Malezi ya mama na baba wangejifunzia wapi? Rita Joe, mshairi wa Wamikmaki aliyesoma Shubenacadie, aliandika shairi juu ya lugha aliyopokonywa. Aliliandika kwa Kiingereza.

Najua nitaulizwa: sisi wa Afrika Mashariki tunahusikaje? Sisemi kwamba yaliyotupata ni sawa na yale. Wazazi wetu, kwa sehemu kubwa, walitupeleka shule kwa hiari, na likizo tulirudi nyumbani tukasemeshwa. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kufutwa kwa ajili ya kunogesha hoja. Ila kibao cha kuvishwa shingoni aliyesema lugha ya kwao tunakijua sote. Mimi nilikivisha. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu majuzi tu, na nilikipiga randa mwenyewe kikapendeza. Mvulana mmoja alikivaa siku tatu kwa kumwita mwenzake kwa Kinyaturu. Baada ya hapo hakunyoosha tena mkono darasani, si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili, hata kidato cha nne kilipokwisha. Nami katika taarifa yake nikaandika kwamba ni mtoto mkimya.

Basi anayeshikilia kwamba lugha hufa zenyewe anijibu hili tu: Kanada iliajiri walimu, ikajenga mabweni, ikatunga sheria na kuwatuma polisi kuwakamata watoto waliotoroka, kwa zaidi ya miaka mia moja. Kama lugha zile zilikuwa zinakufa zenyewe, gharama yote hiyo ilikuwa ya nini?