NGOMA SI MCHEZO, LAKINI NGOMA PEKE YAKE HAITOSHI



Kuna maneno yanayozunguka katika landi zetu na katika vibanda vya chai karibu na stesheni ya Eldoret, nasi hatuwezi kuyaacha yapite bila jibu. Kila inapokaribia tarehe 14 Februari, yakitajwa mambo ya wanawake kucheza ngoma barabarani ili kukataa kupigwa na kuuawa, wako wenzetu wanaocheka. Mmoja husema, "Hao wanacheza tu, hawana kazi." Wa pili husema hayo ni mambo ya nyumbani, chama hayakihusu. Wa tatu hutikisa kichwa na kusema ngoma ya watoto haikeshi. Leo twataka kuwajibu wote watatu. Tena twataka kuwajibu na wale wa upande mwingine, wanaodhani kwamba wakishacheza kazi imekwisha.

Kwanza, yafaa kila mtu ajue ngoma hii ilitoka wapi. Tarehe 14 Februari 2013 watu wa nchi nyingi walitoka nje siku moja wakacheza. Aliyeanzisha jambo hili ni mwandishi mwanamke wa Marekani, Eve Ensler, ambaye siku hizi hujiita V. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Umoja wa Mataifa ulikuwa umesema kwamba katika kila wanawake watatu duniani, mmoja atapigwa au kunajisiwa katika maisha yake. Chukua wanawake wote wa dunia, gawanya kwa tatu, utapata zaidi ya bilioni moja. Basi wakasema, kama walioumizwa ni bilioni moja, basi na wainuke bilioni moja. Ndiyo sababu waliiita One Billion Rising.

Asiseme mtu kwamba hesabu hiyo ni ya Wazungu. Uchunguzi wa serikali yetu juu ya watu na afya, wa mwaka 2022, ulionyesha kwamba hapa Kenya, kati ya kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 34 wamepata kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Iweke hesabu hiyo katika landi yako mwenyewe. Hesabu milango: mmoja, wawili, watatu. Kisha anza tena.

Sasa tuje kwa yule asemaye, "Wanacheza tu." Tunamwuliza: tangu lini ngoma ikawa mchezo kwetu? Ndugu zetu wa Isukha na Idakho hupiga isukuti arusini, na hupiga isukuti penye matanga. Nani alipata kumwambia mfiwa aliyeko nyuma ya ngoma ile kwamba hana kazi? Na sisi tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa juu ya Miriamu, aliyetwaa tari na kuwaongoza wanawake kucheza siku ile Farao aliposhindwa. Tulifundishwa pia juu ya Mikali, aliyekaa dirishani akamdharau Daudi kwa kucheza mbele ya watu. Hatukufundishwa kumsifu Mikali. Basi wenzetu wanaochungulia madirishani na kucheka, wajue wamekaa kiti cha nani.

Serikali ya mkoloni haikucheka ngoma. Mwanzo wa mwaka 1930 ilipiga marufuku ngoma ya Muthirigu katika nchi ya Wakikuyu, kwa sababu vijana waliicheza na kuwatukana kwayo machifu, wamisheni na serikali yenyewe. Lakini tuseme kweli yote, tusiseme nusu. Muthirigu ilichezwa kutetea kutahiriwa kwa wasichana, jambo ambalo leo limekatazwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2011. Maana yake nini? Maana yake ngoma ni nguvu, kama mvuke. Mvuke hauchagui njia. Waweza kulivuta gari, na waweza kumwunguza mtu. Neno kubwa ni nani ameshika mtambo, na gari linakwenda wapi.

Ukitaka kuona gari lililokwenda mahali pazuri, tazama Tanganyika. Mwaka 1955 mgeni mmoja kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Basi akatafutwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Dar es Salaam kilichoitwa Bomba. Bibi Titi hakwenda kuandika barua kwa wasomi. Alikwenda kwa wakubwa wa vikundi vya ngoma, akina mama waliozoea kukutana, kuchanga fedha na kutii viongozi wao wenyewe. Wakaja kwa maelfu, wakachukua kadi. Wanawake hao waliuza kadi, wakaitangaza mikutano, wakawaficha wajumbe, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ikashuka. Mkoloni alidhani anawaona wanawake wakicheza, kumbe palikuwa na tawi.

Hapo ndipo lilipo jambo letu. Ngoma ilikuwa nzuri kwa sababu ilizaa kadi. Ingalizaa jasho tu, nani angalimkumbuka leo?

Tumjibu wa pili, asemaye kwamba hayo ni mambo ya nyumbani. Ndugu, sisi wa Eldoret na Iten ndio watu wa mwisho duniani kusema neno hilo. Tarehe 12 Septemba 2021 Agnes Tirop alikimbia kilomita 10 huko Ujerumani kwa dakika 30 na sekunde 1, akavunja rekodi ya dunia ya mbio za wanawake watupu. Tarehe 13 Oktoba, mwezi mmoja baadaye, alikutwa amekufa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, akiwa na umri wa miaka 25. Mumewe alishtakiwa mahakamani hapa Eldoret, naye akakana shtaka. Haikupita miaka mitatu likaja lingine. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris mwezi wa Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia na mwanamume aliyekuwa akiishi naye zamani. Aliletwa katika hospitali kuu ya Moi, mjini kwetu, akafa tarehe 5 Septemba.

Fikirini. Hawa walikuwa wanawake wenye miguu ambayo dunia nzima haikuifikia. Walikuwa na jina, walikuwa na fedha walizozitolea jasho, na bado hawakuweza kukimbia kutoka katika ua wao wenyewe. Kama hao hawakuponea, ataponea nani? Yule mama afagiaye behewa? Yule binti auzaye mahindi ya kuchoma njiani gizani, ambaye hata polisi hawamjui jina?

Tena habari ya Cheptegei ilikuwa na ugomvi wa kiwanja na nyumba ndani yake. Hapo ndipo panapojulikana kwamba usalama wa mwanamke na usawa wake ni kitu kimoja. Mwanamke akichuma, mali ikaandikwa kwa jina la mwingine, hiyo si ndoa, hiyo ni kazi bila mshahara. Na siku atakapodai chake ndiyo siku ya hatari. Sisi watu wa chama tunalijua jambo hili vizuri. Mfanyakazi hapigwi vita akiwa kimya, hupigwa vita siku anapouliza, "Jasho langu liko wapi?"

Na huyo asemaye kwamba chama hakihusiki, na asome. Mwezi wa Juni 2019, huko Geneva, wajumbe wa wafanyakazi, wa waajiri na wa serikali za dunia walipitisha Mkataba nambari 190 juu ya kuondoa jeuri na usumbufu makazini. Mkataba huo unahesabu njia ya kwenda na kurudi kazini. Unataja pia jeuri ya nyumbani, maana mwenye jicho lililovimba haachi jicho lake getini anapoingia zamu. Kama wafanyakazi wa dunia walikaa meza moja na waajiri juu ya jambo hili, sisi ni nani hata tuliite umbea wa wanawake?

Wako pia wanaouliza, "Na wanaume wanaopigwa je?" Jibu ni fupi. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu na jeuri ya nyumbani haikuandika mwanamke peke yake. Mwanamume akipigwa, na aje, tutasimama naye. Lakini asilete shida yake kama kifuniko cha kufunika chungu cha mwenzake.

Sasa tugeuke upande wa pili, kwa wale wanaocheza. Tumewaona wakubwa, wa siasa na wa vyama, wakivaa fulana mpya, wakinyanyua mikono mbele ya kamera, wakatoa hotuba, wakapanda magari yao. Kesho yake taa ya njia ni ile ile iliyokufa, choo ni kile kile kisicho na komeo, na aliyelalamika bado anamtazama yule aliyemsumbua kila asubuhi. Ngoma ya namna hiyo ndiyo isiyokesha. Haikeshi kwa sababu wenye mji wamekwenda kulala, wala si kwa sababu wachezaji ni watoto.

Tunaijua stesheni moja, hatuitaji jina, ambako mfanyakazi wa kike alimshtaki mkubwa wake kwa maneno na mikono isiyo na adabu. Jibu lilikuja upesi sana: uhamisho. Aliyehamishwa ni yeye. Mkubwa alibaki katika kiti chake. Mama yule alikuwa akikatwa ada ya chama kila mwezi, shilingi zile zile anazokatwa mwanamume. Basi twauliza, ada ya mwanamke hununua nini katika chama hiki?

Sheria haikosekani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inamwamuru kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe tangazo lililoandikwa juu ya usumbufu wa kimapenzi kazini. Tangazo hilo lazima lionyeshe malalamiko yanapelekwa wapi, na kwamba jina la mlalamikaji halitatangazwa ovyo. Tena lazima mwajiri ashauriane kwanza na wafanyakazi au wajumbe wao. Yaani sisi! Mlango umefunguliwa na sheria yenyewe, nasi tusimame nje tukicheka ngoma?

Kwa hiyo twasema mambo matano, na twataka yaingie katika ajenda ya mkutano wa tawi.

La kwanza: tangazo la kifungu cha 6 libandikwe katika kila stesheni, kila karakana na kila ofisi, kwa Kiswahili ambacho mtu wa genge anaweza kukisoma.

La pili: taa zinazowaka na vyoo vyenye komeo, penye kila zamu ya usiku. Hili liingie katika mapatano yetu na mwajiri, si katika ahadi za mdomo.

La tatu: kila tawi liwe na mjumbe mwanamke aliyechaguliwa na wanawake wenyewe, mwenye haki ya kusikiliza mashtaka na kufika mbele ya mwajiri.

La nne: mwanachama akishtakiwa kwa kumwumiza mwanamke, apate haki yake ya kusikilizwa kama kila mtu. Lakini chama kisimfiche, kisiwatishe mashahidi, wala kisiombe uhamisho wa aliyelalamika.

La tano ni la landi. Ukisikia kilio usiku, gonga mlango. Waite na majirani wagonge. Simu ya 1195 hupigwa bure, usiku na mchana, kwa ajili ya walioumizwa. Moto ukiwaka nyumba ya jirani hatuulizi kama ni mambo ya nyumbani.

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na tarehe 15 Agosti 2024 mji huu ukapewa cheti cha jiji. Jiji ni neno kubwa. Lakini mji ambao mwanamke hawezi kutoka zamu saa nne ya usiku akafika kwake salama, huo bado ni kambi tu, hata ukipewa vyeti kumi.

Basi, ndugu, tarehe 14 Februari itakapofika, wanawake wakitoka kucheza, tutoke. Asiyejua kucheza na apige makofi. Asiyeweza kupiga makofi na anyamaze kwa heshima. Lakini ngoma itakapokwisha, pasiwe na mtu wa kwenda zake. Meza iwekwe pale pale uwanjani, daftari lifunguliwe, majina ya wanachama wapya wa kike yaandikwe, na mambo haya matano yasomwe kwa sauti. Mwajiri akiona wanawake wanacheza, atatabasamu. Akiona wanawake na wanaume wamepiga foleni mbele ya daftari, ataita mkutano.

Umoja ni nguvu.

Sisi, wafanyakazi wa Reli, Eldoret