Tujifunze kukata vitone wenyewe

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali ya wilaya mkoani Kagera, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye darubini nikihesabu vimelea vya malaria. Kanuni ya BS, yaani kipimo cha tone la damu kwenye kioo, kila mwenzangu anaijua: unahesabu vimelea mpaka ufikishe seli nyeupe 200, kisha unazidisha kwa 40, kwa kuwa tunachukulia kwamba kila maikrolita ya damu ina seli nyeupe 8,000. Ni kanuni nzuri na imeokoa watu wengi. Ila inanijibu vimelea ni vingapi tu, hainiambii kama ni vya kawaida au ni sugu kwa dawa. Kwa sisi wa Kagera, hilo la pili ndilo linalonikosesha usingizi.

Sampuli za mwaka 2021 zilionyesha kuwa badiliko la vinasaba liitwalo R561H, lile lile lililoripotiwa Rwanda mwaka 2020, limo mkoani mwetu, na Karagwe ndiko lilikoonekana zaidi. Vimelea vyenye badiliko hilo huchelewa kuisha kwenye damu mgonjwa anapotumia dawa mseto. Tena mtu mmoja huku kwetu anaweza kubeba vimelea vya koo kadhaa kwa wakati mmoja. Ikiwa sugu ni kimoja katika elfu, usomaji wa kawaida wa vinasaba huvipima vyote kwa pamoja na kutoa jibu la walio wengi. Yule mmoja anapita, anabaki mwilini, na mbu anamchukua.

Ipo njia ya kumnasa. Chukua maikrolita 20 za mchanganyiko wa vinasaba na vitendanishi, uzipitishe kwenye chipu, yaani kipande kidogo chenye mfereji mwembamba unaokutana na mifereji ya mafuta. Mafuta yanayabana maji na kuyakata vipande vipande, mpaka unapata vitone 20,000 hivi, kila kimoja na upana wa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Vitone vingi havitabeba kinasaba tunachokitafuta, vichache vitabeba. Ukishavipasha na kuvipoza kwa zamu kama kwenye PCR yoyote, njia ya kunakili vinasaba, vile vilivyobeba vinang'aa, navyo vinahesabiwa kimoja kimoja. Ni kama mchele uliotandazwa kwenye ungo: chuya iliyojificha ndani ya gunia sasa inaonekana kwa macho. Kimelea sugu kikishatengwa kwenye kitone chake, wingi wa wenzake haukizimi tena.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Harvard, katika maabara ya David Weitz, walichuja aina za kimeng'enya kwa vitone milioni 100 ndani ya saa 10 hivi, wakitumia chini ya mililita moja ya vitendanishi. Mwaka 2015 Evan Macosko na wenzake walifungia seli moja moja za retina ya panya kwenye vitone, wakasoma jeni zinazofanya kazi katika seli zaidi ya 44,000. Maelekezo yao waliyaweka wazi, na mwaka 2018 wengine wakachapisha maelezo ya kifaa cha kazi hiyo hiyo kilichotengenezwa kwa printa ya 3D kwa gharama isiyofika dola 1,000.

Kwa hiyo nashangaa kila ninaposikia kwamba tunasubiri mfadhili atuletee mashine za vitone. Nimewahi kuona mashine ya msaada ikiwa imefunikwa kitambaa, nzima kabisa, kwa sababu chipu zake zilikwisha na muuzaji ni mmoja tu duniani. Biashara hii ina ushindani mkali: mwaka 2018 jopo la mahakama huko Delaware liliamua kwamba kampuni ya 10x Genomics ilipe karibu dola milioni 24 kwa kutumia hataza za vitone za Chuo Kikuu cha Chicago. Hataza, kwa kawaida, hufunga pale tu iliposajiliwa. Sisi hatujazuiwa kujifunza.

Ugumu upo, na ni wa kweli. Vumbi kidogo huziba mfereji. Mafuta yenye florini na dawa ya kuzuia vitone visiungane vitaendelea kuagizwa nje kwa bei isiyo ndogo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, sampuli imekwenda. Na darubini haitaondoka zahanati; mgonjwa anataka jibu lake leo. Lakini chipu yenyewe ni mpira wa silikoni uliomiminwa kwenye kalibu, ukakaushwa na kubandikwa kwenye kioo. Kijana aliyesomea uhandisi wa vifaa tiba anaweza kufundishwa akaiweza.

Ninachoomba kwa wizara na vyuo ni fungu la fedha lenye jina lake: kalibu, printa, pampu za sindano, kamera, na mishahara ya watu wawili au watatu wasiohamishwa kila mwaka. Zoezi lao la kwanza naweza kulitaja sasa hivi. Wachukue vinasaba vya kimelea chenye R561H, wavichanganye kimoja kwa elfu na vya kimelea cha kawaida, wafiche chupa ipi inacho na ipi haina, kisha wamwite mtu wa maabara kutoka wilayani aitafute kwa chipu waliyoitengeneza wao.