Shahada ya Ughaibuni, Swali la Nyumbani

Tanzania imekopa Benki ya Dunia Dola za Marekani milioni 425 kwa ajili ya HEET, mradi wa elimu ya juu unaojenga kampasi na maabara na kusomesha wahadhiri, baadhi yao nje ya nchi. Kuwahesabu waliopanda ndege ni rahisi. Kigumu ni kujua watatafiti nini wakirudi, na hapo wasomi waliowatangulia wana mengi ya kutufunza.

Mwanaakiolojia Felix Chami alipata uzamivu wake mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, kilichoko katika mji maarufu kwa vilima vya makaburi ya wafalme wa kale. Tasnifu yake, hata hivyo, ilihusu pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Kabla yake, wachimbaji kama Neville Chittick, aliyeifukua Kilwa, walikuwa wamewapa wageni wa ng'ambo ya bahari nafasi kubwa mno katika kuasisi miji ya Waswahili. Chami alifuata vigae vya vyungu na mabaki ya chuma, akajenga hoja kwamba utamaduni ule ulichipuka kwa wakulima Wabantu wa papa hapa. Aliendelea kuchimba Rufiji na Mafia huku akifundisha Dar es Salaam. Mbinu na maktaba alivikuta Uppsala. Swali lilikuwa la pwani hii.

Si ajabu kwamba hilo lilitokea Uswidi. Nchi hiyo ilifadhili kwa miaka mingi utaratibu ambao wasomi wenyewe wanauita sandwichi: mhadhiri anakaa miezi kadhaa kule akisoma na kuchambua, anarudi kukusanya data, kisha anakwenda tena, huku ajira na familia vikiwa nyumbani.

Thomas Odhiambo wa Kenya alipita njia nyingine. Alimaliza uzamivu wa elimu ya wadudu Cambridge mwaka 1965, akarudi Nairobi akijua vizuri maabara ya kweli inavyofanya kazi. Mwaka 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichowageukia mbung'o, kupe na viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi, yaani wadudu wanaomtia hasara mkulima na mfugaji wa Afrika. Bila Cambridge huenda asingethubutu kudai kituo cha kiwango kile.

Wapo pia ambao ugeni wenyewe uliwafaa. Euphrase Kezilahabi, aliyekwisha kujulikana kwa riwaya ya Rosa Mistika, alisoma Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, hadi uzamivu mwaka 1985, akizama katika falsafa. Riwaya zake Nagona (1990) na Mzingile (1991) ziliacha kabisa uhalisia wa zile za mwanzo, na wahakiki wa Kiswahili bado wanazibishania.

Lakini hao ni vinara. Mara nyingi mambo huenda kombo. Kijana anapata ufadhili kwa sababu profesa wa kule ana mradi na anahitaji mikono. Anabobea katika mashine ambayo chuo chake hakina, au inayongoja kipuri mwaka mzima. Sampuli na data vinabaki kule, makala inatoka kwenye jarida ambalo maktaba yake haimudu kulilipia. Akirudi anakabidhiwa darasa la mamia ya wanafunzi, mitihani ya kusahihisha na kamati mbili tatu. Utafiti unageuka kazi ya ushauri kwa mashirika, maana huko ndiko kuliko na posho. Kumlaumu kwa uvivu ni kumwonea.

Vyuo vyetu vina uwezo wa kurekebisha hili bila kusubiri mfadhili. Sandwichi iwe chaguo la kwanza, na anayetaka kukaa nje moja kwa moja aeleze sababu. Kabla ya safari, chuo na mhadhiri waandikiane swali la utafiti, vifaa litakavyohitaji na nani atavinunua. Wasimamizi wa HEET nao watenge sehemu ya fedha za kila mhadhiri kwa ajili ya miaka miwili ya kwanza ya kurudi, na chuo kimpunguzie vipindi katika miaka hiyo.