Kadi ya Kliniki ya Dunia

Juma hili nawaombeni tuanze mazungumzo yetu na kitu kilichomo katika kila nyumba yenye mtoto mchanga, nacho ni kadi ya kliniki. Kila mwezi mama humbeba mwanawe, mwuguzi humweka mtoto kwenye mizani, kisha hutia nukta katika kadi. Nukta moja peke yake haisemi mengi. Mtoto wa kilo saba aweza kuwa mzima, na aweza pia kuwa anadhoofika. Nukta zikiunganishwa mwezi kwa mwezi ndipo mstari huonekana, na ni mstari huo umwambiao mama kama mwanawe anakua au anapungua, hata kabla jicho halijatambua.

Dunia nayo inayo kadi yake. Ilifunguliwa mwezi wa Machi, 1958, juu ya mlima wa Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki. Aliyeifungua ni mtaalamu wa Kimarekani, Charles David Keeling, wa taasisi ya Scripps iliyoko California. Kinachopimwa ni hewa ya ukaa, ambayo wataalamu huiita kaboni dayoksaidi. Ndiyo hewa tuitoayo tunapopumua, na ndiyo itokayo katika moto wa kuni, mkaa, petroli na makaa ya mawe. Haina rangi wala harufu, lakini huzuia joto la ardhi lisipotee upesi angani, kama blanketi lizuiavyo joto la mtu aliyelala. Kwa sababu hiyo imo katika kundi la zile ziitwazo gesi joto. Blanketi lenyewe si adui, maana bila hilo dunia ingekuwa baridi isiyokalika. Taabu huanza pale blanketi linapozidishwa unene kila mwaka.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini kwenda kupima mlimani, mbali namna hiyo? Jibu ni kwamba hewa ya mjini haitulii. Gari likipita, kipimo hupanda, na upepo ukivuma, hushuka. Kituo cha Mauna Loa kimejengwa kwenye kimo cha mita zipatazo 3,400, mbali na viwanda na misitu, na hewa ifikayo pale imekwisha changanyika vema baharini. Mlima huo ni wa volkeno, nao hutoa hewa ya ukaa yake wenyewe, kwa hiyo upepo utokapo upande wa shimo, vipimo vya saa hizo hutengwa. Tena mtambo wenyewe hauaminiwi hivi hivi. Hujaribiwa mara kwa mara kwa hewa iliyomo mitungini ambayo kiasi chake kinajulikana, kama askari ajaribuvyo bunduki yake kwenye uwanja wa shabaha kabla ya kuitegemea.

Kipimo cha mwanzo kilikuwa sehemu 313 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Haukupita muda mrefu Keeling akaona mambo mawili. La kwanza, kiasi hicho hupanda hadi mwezi wa Mei, kisha hushuka hadi Septemba au Oktoba. Sababu ni mimea. Sehemu kubwa ya nchi kavu iko kaskazini mwa dunia. Huko majani yachipuapo huinywa hewa ya ukaa, na yaozapo huirudisha. Ni kana kwamba dunia nzima huvuta pumzi mara moja kwa mwaka.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Kila pumzi ilipokwisha, hewa ya ukaa haikurudi pale ilipokuwa mwaka uliotangulia. Mwaka 1959 wastani ulikuwa karibu 316. Mwezi wa Mei, 2013, kwa mara ya kwanza kipimo cha siku moja kilivuka 400. Mwaka 2024 wastani ulipita 424. Wataalamu wamepima pia viputo vya hewa ya kale vilivyofungwa katika barafu ya ncha ya kusini, wakaona ya kuwa kwa miaka 800,000 kabla ya zama za viwanda kiasi hicho hakikuvuka 300 hivi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki tumekijaza sisi wanadamu.

Msomaji asidhani kwamba mstari huo ulijichora wenyewe. Mwaka 1964 fedha zilipunguzwa, na vipimo vya Mauna Loa vikakatika kuanzia Februari hadi Aprili. Wapo waliouliza faida ya kupima kitu kilekile kila siku, miaka nenda miaka rudi. Mwezi wa Novemba, 2022, mlima wenyewe ulilipuka, na uji wa moto ukakata barabara na umeme wa kituo. Siku chache baadaye mitambo iliwekwa kwa muda katika mlima jirani wa Mauna Kea, ili zamu iendelee. Lakini ile miezi mitatu ya mwaka 1964 haikupatikana tena. Hewa ya siku ile imekwisha kwenda, wala hakuna fedha iwezayo kuirudisha.

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Nilipokuwa chuo cha ualimu, nilipewa zamu ya kusoma kipimo cha mvua kila asubuhi saa tatu. Mwisho wa juma moja nilikwenda nyumbani bila ruhusa, na niliporudi nikaandika sifuri katika siku zote tatu. Jioni ile mpishi wa chuo akanieleza jinsi mvua ya Jumamosi ilivyomlowesha kuni. Niliona haya, lakini sikusahihisha. Katika vipimo vya Mauna Loa, miezi ile ya mwaka 1964 imeachwa wazi, na wakadiriao huonyesha kwamba ni makadirio. Pengo lile husema kweli, kwamba siku hiyo hapakuwa na mtu wa kupima. Sifuri zangu zilisema uongo, na aliyesoma daftari lile baada yangu hakuwa na njia ya kuutambua. Askari mlinzi aandikaye kitabuni kuwa hali ni shwari, naye hakuzunguka lindo lake, ananielewa.

Jambo hili haliko Hawaii peke yake. Katika Mlima Kenya, kwenye kimo cha mita 3,678, kuna kituo cha kupima hewa kilichofunguliwa mwaka 1999, na Rwanda inacho chake juu ya mlima wa Mugogo. Barani Afrika vituo vya namna hii ni vichache mno, ingawa tunayo misitu mikubwa ya Kongo inayomeza hewa ya ukaa, na moto wa nyika unaoitoa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tusipoipima hewa yetu wenyewe, wengine watatukadiria kutoka mbali, na siku ya kugawana lawama na gharama tutakuwa hatuna cha kuonyesha mkononi.

Keeling alifariki mwaka 2005, na mwanawe, Ralph Keeling, akapokea zamu. Kadi ile ingali inatiwa nukta.

Basi, mama wa kambini, siku ya kliniki ifikapo, na jua liwe kali, na foleni iwe ndefu, mpeleke mtoto. Na ikiwa mwezi mmoja ulikupita, mwambie mwuguzi kweli, aache pale wazi, nanyi mwendelee kutoka hapo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.