Mkimbiaji si Mkimbizi

Lugha yetu ina kitendo kimoja, kukimbia, kwa mtu anayeshindana barabarani na kwa mtu anayeokoa roho yake. Tofauti imewekwa mwishoni mwa jina: huyu ni mkimbiaji, yule ni mkimbizi. Hata mtoto wa miaka sita hawezi kukosea akamwita mshindi wa mbio mkimbizi. Walakini wako watu wazima, wenye elimu zao na mihuri yao, wakaao nyuma ya madirisha ya vioo katika ofisi za ubalozi, ambao maneno haya mawili kwao yamekuwa neno moja. Kijana wa Kiafrika akiwaambia ataka kwenda kukimbia marathoni katika mji wao, wao husikia kwamba ataka kukimbilia katika mji wao.

Nina mfano wa karibu. Kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Mombasa, mwana wa jirani yangu, aliandikishwa mbio za mji mmoja wa Ulaya. Si bingwa, hakuna kampuni ya viatu inayomjua. Ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi, jioni husomesha watoto madrasa, na kila alfajiri baada ya Sala ya Subhi huvaa raba zake akaelekea Mama Ngina, akarudi jua likiwa limepanda. Alidunduiza pesa kwa mwaka mzima. Akalipa ada ya mbio, akalipa yuro 90 za viza (ndiyo ada ya nchi za Schengen tangu Juni 2024), akapeleka makaratasi yake. Baada ya wiki tatu akaletewa fomu yenye alama moja ya vema, mbele ya msitari usemao kwamba kuna shaka ya haki juu ya nia yake ya kuondoka kabla ya muda wa viza kumalizika. Ada ya viza hairudishwi. Ya mbio nayo haikurudishwa.

Neno lililonichoma ni hilo la nia. Sisi tuliokaa juu ya mikeka ya chuoni tulianza hadithi kwa ile isemayo kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Na aliyeisoma mpaka mwisho wake akumbuka kuwa mfano unaotolewa humo ni wa mtu anayehama: huyu amehama kwa ajili ya Mungu na Mtume wake, yule kwa ajili ya dunia aipate au mwanamke amwoe, na kila mmoja ana kile alichokihamia. Walimu wetu waliposomesha hapo walitia mkazo kwamba nia imo moyoni na aijuaye ni Mola. Karani wa ubalozi hana njia ya kuiona, basi aipima kwa karatasi. Simlaumu kwa kutoijua ghaibu. Namlaumu kwa karatasi alizozichagua.

Hebu tazama anachotakiwa mtu kuonyesha. Kwanza hesabu ya benki ya miezi kadhaa. Karani wa duka hulipwa mkononi, na kinachobaki hukaa katika simu au kwa mama. Pili, barua ya mwajiri. Tajiri wake alimwandikia kwa mkono, kwenye karatasi ya risiti, kwa sababu duka halina karatasi nyingine. Tatu, ushahidi wa mali inayomrudisha nyumbani, na hapa ndipo watu wa Pwani tunapofungwa magoli. Nyumba nyingi za Mombasa ni nyumba bila ardhi: kuta na mapaa ni yako, kiwanja ni cha mwingine, nawe hulipa kodi ya kiwanja kama alivyolipa babu yako. Nyingine ni wakfu, haziuzwi wala hazina hati ya jina la mtu. Mtu aweza kuwa kizazi cha tano katika nyumba moja, makaburi ya wazee wake yakiwa nyuma ya msikiti wa mtaa, na asiwe na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba ana pa kurudi.

Na hata kabla ya ubalozi kuna pasipoti, na kabla ya pasipoti kuna kitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wenye majina kama lake wameulizwa cheti cha baba na cha babu, ilhali wenzao hawakuulizwa. Hayo tumeyaandika sana, sitayarudia leo.

Haki ni kusema pia upande wa pili. Wako waliokwenda kushindana wasirudi. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Gold Coast, Australia, mwaka 2018, wanamichezo wanane wa Cameroon walitoweka kambini. Nchi iliyopokea wageni ikapoteza wanane kwa mkupuo mmoja ina haki ya kuuliza maswali. Lakini kuuliza ni jambo moja, na kumhukumu mtu kwa kosa la mwingine asiyemjua, wa nchi nyingine, kilomita maelfu kutoka kwake, ni jambo jingine.

Wako pia wale ambao mbio na ukimbizi viliwakuta pamoja. Samia Yusuf Omar, binti wa Mogadishu, alikimbia mita 200 katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 17. Alifika wa mwisho kabisa katika kundi lake, na uwanja mzima ukamshangilia. Alitaka kwenda London mwaka 2012. Nyumbani kwao vita havikumpa mahali pa kufanya mazoezi, basi akashika njia ya Ethiopia, Sudan na Libya, akapanda mashua ya kuvuka kwenda Italia, akafa maji mwezi wa Aprili 2012, miezi michache kabla ya michezo yenyewe. Kila nikimkumbuka najiuliza ni dirisha gani ambalo angeliweza kuliendea, lenye fomu yenye nafasi ya mtu kama yeye. Sikumbuki kuona fomu hiyo. Mola amrehemu.

Miaka minne baadaye, huko Rio, dunia ilikubali kwamba mtu aweza kuwa yote mawili. Timu ya wakimbizi ilikuwa na watu kumi, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma hapa Kenya. Kiongozi wa msafara alikuwa Tegla Loroupe, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1994, na tena mwaka 1995. Kina mama wa Afrika hawakuwahi kushinda mbio kubwa ya namna ile kabla yake. Naye baada ya New York alikwenda wapi? Alirudi Kenya, akaanzisha taasisi ya amani, akawafundisha wakimbizi hao hao.

Na huu ndio ushahidi ambao balozi wangeliutazama kabla ya hesabu ya benki. Ibrahim Hussein, mwana wa Kapsabet, alishinda New York mwaka 1987, Mwafrika wa kwanza. Aprili ya mwaka uliofuata akashinda Boston kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Nyuma yake, kwa sekunde moja tu, alikuwa Juma Ikangaa wa Tanzania. Boston ni mbio zilizoanza mwaka 1897 na watu 15, na siku ile ya mwaka 1988 waliofika mbele walikuwa watu wawili ambao wangeliweza kugombana kwa Kiswahili pale kwenye utepe na Wamarekani wasielewe neno. Ikangaa naye akashinda New York mwaka 1989. Hussein alikuwa amesoma Marekani, njia zote za kubaki alizijua, akarudi akafanya kazi ya riadha Nairobi. Aliyefika Eldoret na akauliza jengo hili ni la nani, na hili, na lile pale, ameona mwenyewe pesa za Boston na Chicago na Rotterdam zilikoishia. Mkimbiaji wa Kenya hurudi. Kurudi ndiyo faida yake, maana huku ndiko kwenye mwinuko, wenzake wa mazoezi, na watu wa kumwita bingwa.

Hata hivyo umaarufu nao haumkingi mtu. Julai 2022 Ferdinand Omanyala, bingwa wa Afrika wa mita 100, alicheleweshewa viza ya Marekani kwa mashindano ya dunia ya Eugene, akatua pale yakiwa yamebaki masaa yasiyotimia matatu kabla ya mbio yake ya kwanza. Alipita mchujo ule, akaishia nusu fainali. Ikiwa huyo alitendewa hivyo, karani wa duka la saruji atarajie nini?

Wazee wetu walipokea wageni kwa utaratibu mwingine. Majahazi ya Sur na Kuwait yalikuja na kaskazi, yakateremsha tende na chumvi na mazulia katika bandari ya kale, na kusi ilipovuma yakaondoka na boriti. Hapakuwa na fomu; upepo ndio uliojua nia ya mtu. Waliochelewa walikaa hadi msimu mwingine, na wengine, tusifichane, hawakuondoka kabisa, wakaoa. Hao ndio mababu wa nusu ya wasomaji wa ukurasa huu.

Sasa nigeuke nyumbani, maana si vizuri kumlaumu wa dirishani peke yake. Huyu kijana alipokuwa akikusanya makaratasi, sisi mtaani tulifanya nini? Kuna mzee aliyesema kwamba mbio ni za watu wa bara, mtu wa Pwani hana pumzi. Mwingine akasema kwenda Ulaya kukimbia barabarani na miguu wazi ni utoro uliopambwa. Yaani hata sisi tulimwona mkimbizi! Harusi ingelikuwa ya mtu huyo huyo, mchango ungelipita nyumba kwa nyumba.

La pumzi halina mashiko. Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika papa hapa, kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa, na joto letu pamoja na unyevu wake vilimtoa Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hajashindika katika mbio hizo kwa miaka. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda. Mwinuko tumenyimwa, ni kweli, na mwinuko ni kitu kikubwa. Lakini mwili uliozoea kufanya kazi katika joto huongeza maji ya damu na hutoa jasho mapema, nao hautishiki siku ambayo jua la Ulaya limekuwa kali.

La dini ni zito zaidi, na silifanyii mzaha. Awra ni awra, na mtu atafute vazi linalomsitiri. Siku hizi yapo, hata kwa mabinti. Ila asiniambie mtu kwamba Uislamu na marathoni havikai pamoja. Sifan Hassan alizaliwa Ethiopia, akaingia Uholanzi mwaka 2008 akiwa kijana mdogo, mkimbizi. Mwaka 2023 marathoni ya London iliangukia tarehe 23 Aprili, siku chache tu baada ya Idi. Mazoezi yake ya mwisho aliyafanya ndani ya Ramadhani naye amefunga. Ilikuwa marathoni yake ya kwanza. Njiani nyonga ikamshika, akasimama kujinyoosha, wenzake wakamwacha, akawafukuzia, akashinda. Agosti 2024 akashinda marathoni ya Olimpiki mjini Paris, na alipopanda jukwaani kuvishwa dhahabu alivaa hijabu, katika nchi ambayo ilikuwa imewakataza wanamichezo wake yenyewe kuivaa katika michezo hiyo. Hakutoa hotuba. Nilitazama picha ile na binti zangu, na sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo naleta shauri, na shauri langu ni la kizamani: dhamana. Nahodha alidhamini mabaharia wake. Mzee wa mtaa alidhamini mgeni. Kijana asiye na hatimiliki aweza kuwa na imamu atakayeandika kwamba amemjua tangu akisoma juzuu ya Amma, kwamba ana wanafunzi thelathini wanaomngojea Jumatatu. Aweza kuwa na barua ya chama cha riadha na ya ofisi ya michezo ya kaunti, zenye muhuri, nambari ya simu, na mtu wa kuipokea simu hiyo ikipigwa. Tajiri wa duka naye achapishe karatasi zenye jina la duka. Bei yake ni ya mifuko miwili ya saruji. Kijana akirudi, nakala ya muhuri wa kuingia nchini iwekwe katika faili la kaunti, ili anayefuata aende na rekodi ya waliorudi kabla yake. Ubalozi haulazimiki kukubali, najua. Lakini hautaweza tena kuandika kwamba haukuonyeshwa kitu.

Maombi ya viza za Schengen hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na hayapokewi zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Mbio nyingi za Ulaya ni za Aprili. Barua, basi, ziwe tayari mwezi wa Oktoba.