Zamu, Mapumziko na Afya ya Askari wa Mpakani

Wako wanaodhani kwamba askari, kwa kuwa alipimwa na kukimbizwa miezi mingi kabla ya kuvikwa sare, amekwisha kuyashinda maradhi. Dhana hiyo si sahihi. Maradhi ya shinikizo la damu, kisukari na kiharusi hayaogopi gwaride. Huja polepole, na aghalabu mlango wake ni jinsi mtu anavyozigawa saa za siku yake.

Tuutazame mpaka wa Uganda na Kenya. Mkulima wa Molo, wilayani Tororo, hushika jembe alfajiri, hupumzika jua linapokuwa kali, na jioni huketi na wenzake. Taabu anazo, na maradhi humpata. Lakini siku yake ina kazi ya mwili, ina mapumziko, na ina usingizi wa usiku. Mwanawe akivaa sare na kupangiwa lindo Malaba au Busia, mpango huo huvunjika. Malori hayachagui usiku wala mchana. Kijana huketi kizuizini saa nyingi, hula anapopata nafasi, hulala jua likiwaka, na siku yake ya mapumziko huimaliza katika pombe.

Jambo hili limechunguzwa katika nchi zetu wenyewe. Mwaka 1969 Daktari A. G. Shaper na wenzake walitoa habari za vijana wa Kisamburu walioingia jeshini nchini Kenya. Walitoka malishoni wakiwa na shinikizo la chini la damu. Baada ya kukaa kambini, shinikizo hilo lilipanda. Chumvi nyingi katika chakula ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 1990 uchunguzi wa N. R. Poulter na wenzake ulionyesha kwamba Waluo waliohamia Nairobi walikuwa na shinikizo la juu kuliko wenzao waliobaki vijijini. Watu walikuwa wa asili moja. Kilichobadilika ni maisha yao.

Kadhalika, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma yumo katika hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, akilinganishwa na afanyaye saa 35 hadi 40.

Kwa hiyo lawama isimwangukie askari peke yake. Mkuu anayeandika orodha ya zamu anashika pia afya ya watu wake. Haifai mtu atoke lindo la usiku na kuingizwa la mchana, wala usiku uwe fungu la wale wale kila juma. Askari naye apunguze chumvi na pombe, atembee kwa haraka nusu saa kwa siku tano za juma, na apimwe shinikizo la damu hata kama hajisikii mgonjwa. Aliyekwisha kuandikiwa dawa asiiache. Mapumziko huisaidia dawa, hayashiki mahali pake.

Taifa limegharimika sana kumfunza askari. Halina sababu ya kumpoteza angali na nguvu, kwa kiharusi ambacho zamu ya haki na kipimo cha dakika chache pengine vingalikizuia.