Kocha mwenye jina kubwa anavyoweza kuzima ndoto ya bondia: Vijana wa Mpanda wajue haya

Kijana wa Makanyagio au Kawajense anayetaka kuishi kwa ngumi anajua kitu kimoja: mapambano yenye pesa yapo Dar es Salaam. Kutoka Mpanda hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,000, iwe kwa basi au kwa treni ya kupitia Kaliua na Tabora. Siku akisikia kocha maarufu amekubali kumpokea, ndugu wanachanga nauli, begi linafungwa na mtaa mzima unaona ameshatoka kimaisha.

Hapo ndipo pa kutulia kidogo. Historia ya masumbwi inaonyesha kwamba jina la kocha linaweza kumpandisha bondia, na jina hilohilo linaweza kummaliza.

Usiku mmoja uliomaliza watu watatu

Mfano mzito kuliko yote ni wa Juni 16, 1983, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Luis Resto alimshinda kijana ambaye hakuwa amepoteza pambano, Billy Collins Jr. Kwenye kona ya Resto alikuwa Panama Lewis, kocha maarufu aliyewahi kufanya kazi na mabingwa kama Roberto Durán na Aaron Pryor.

Baada ya raundi 10, baba yake Collins, ambaye ndiye alikuwa kocha wake, alishika glovu za Resto akagundua ni nyembamba. Uchunguzi ulionyesha sufi ya ndani ilikuwa imetolewa. Miaka mingi baadaye Resto alikiri kuwa hata bandeji za mikononi ziliwekwa kitu cha kuzifanya ngumu.

Collins aliumia jicho, hakupigana tena, na mwaka 1984 alikufa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 22. Ushindi wa Resto ulifutwa. Yeye na Lewis walipoteza leseni zao na wote wawili wakafungwa jela. Resto hakurudi tena ulingoni kama bondia. Kocha alikuwa na jina kubwa, lakini aliyepoteza kazi yake ya ngumi ni kijana aliyekubali kila alichoambiwa.

"Sikujua" haimwokoi bondia

Januari 24, 2009, Antonio Margarito wa Mexico alikuwa anajiandaa kupigana na Shane Mosley jijini Los Angeles. Kocha wa Mosley, Naazim Richardson, akasimamia ufungaji wa bandeji na kutilia shaka kitu kilichowekwa juu ya vifundo vya vidole. Kitu hicho kilitolewa, Margarito akafungwa upya, kisha akapigwa kwa TKO raundi ya tisa.

Kocha wake, Javier Capetillo, alijitwisha lawama. Margarito akasema hakujua. Kamisheni ya California iliwanyang'anya leseni wote wawili. Tangu hapo kila mtu akaanza kujiuliza hata ushindi wake wa 2008 dhidi ya Miguel Cotto aliupataje. Mwaka 2011 walirudiana, Cotto akashinda.

Somo ni rahisi: mkono ni wa bondia, na lawama ni yake pia.

Madhara ya kimyakimya

Visa vya udanganyifu ni vichache. Madhara yanayotokea mara nyingi hayana kelele.

La kwanza ni muda. Kocha mwenye jina ana mabondia wengi. Bingwa wake akiwa na pambano, macho yote yanakwenda kwa bingwa. Kijana mgeni anashikiwa pedi na msaidizi, halafu kila siku anaitwa kumpasha moto bingwa mazoezini. Anakula ngumi za kichwa miezi na miezi bila rekodi wala malipo ya maana.

La pili ni staili. Kocha aliyepata sifa kwa mabondia wa kushambulia anataka kila mtu ashambulie. Kijana mrefu aliyezoea kupiga ngumi ya mbali akilazimishwa kuingia ndani, anaacha kinachomfaa na kujifunza kisichomfaa.

La tatu ni pesa. Kwa desturi ya ngumi za kulipwa duniani, kocha huchukua karibu asilimia 10 ya malipo. Tatizo linakuja pale mtu mmoja anapokuwa kocha, meneja na promota kwa wakati mmoja. Nani atamwambia bondia kwamba pambano hili bado ni kubwa kwake, kama mwenye kusema ndiye anayeuza tiketi?

Taulo ni kazi ya kocha

Kipimo kizuri cha kocha ni siku ya kupoteza. Oktoba 1, 1975, Manila, Eddie Futch alimzuia Joe Frazier asitoke kwa raundi ya 15 dhidi ya Muhammad Ali. Frazier alitaka kuendelea, lakini Futch alikuwa ameona macho yake yamefumba. Alipoteza pambano, akalinda mtu.

Februari 2020, Mark Breland alirusha taulo Deontay Wilder alipokuwa anapigwa na Tyson Fury. Wilder alimfukuza. Ndiyo hatari ya jina kubwa: wanaosema ukweli wanaondolewa, wanabaki wa kusifia.

Mike Tyson aliachana na Kevin Rooney mwaka 1988, kocha aliyetoka naye kwenye kambi ya Cus D'Amato. Februari 1990, Tokyo, alipigwa na Buster Douglas raundi ya 10. Jicho lilipovimba, kona yake haikuwa hata na chuma cha baridi cha kukandia. Walitumia glovu ya mpira iliyojazwa maji.

Mfano wa nyumbani

Hassan Mwakinyo anatoka Tanga. Dunia ilimjua Septemba 8, 2018, Birmingham, alipomsimamisha Sam Eggington raundi ya pili. Aliitwa muda mfupi kabla ya pambano, na watu wengi Uingereza hawakuwa wamesikia jina lake wala la kocha wake. Jina alilipata ulingoni.

Septemba 2022 alirudi Uingereza, akasimamishwa na Liam Smith raundi ya nne mjini Liverpool. Baadaye alilalamikia viatu na kifundo cha mguu. Mjadala mkubwa ulizuka nchini, lakini jambo moja lilibaki wazi: hata kiatu ni sehemu ya pambano, na maandalizi hayo yanahitaji watu makini nyuma ya bondia.

Kabla ya kupanda basi

Kijana wa Katavi aliyepata nafasi ya kwenda kwa kocha maarufu aulize mapema:

- Nani hasa atanifundisha kila siku, yeye au msaidizi?
- Mkataba upo kwa maandishi, na asilimia ya kila mtu imetajwa?
- Kocha, meneja na promota ni watu tofauti?
- Kocha na promota wanatambuliwa na Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania, TPBRC?
- Nani ana mamlaka ya kusimamisha pambano nikizidiwa?

Aguse glovu zake na bandeji zake mwenyewe kila pambano. Na asikate mawasiliano na kocha wa Mpanda aliyemfundisha kusimama. Huyo hana picha na mabingwa, lakini anajua kijana wake anapigaje akiwa mzima na anapigaje akiwa ameumia.